Pesa imeondoka, mzigo haujafika: Nani amlinde mnunuzi na muuzaji wa Singida?

Matenga ya kuku wa kienyeji hupakiwa Singida kwenda Dar es Salaam, sambamba na madumu ya mafuta ya alizeti, magunia ya vitunguu na ndoo za asali kutoka Manyoni na Itigi. Sehemu ya mizigo hiyo husafiri bila mwenyewe. Mnunuzi ameona picha WhatsApp au Instagram, wamepatana bei kwa simu, kilichobaki ni kukabidhiana. Kati yao kuna barabara ya karibu kilomita 700.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mnunuzi anasema: "Nitumie mzigo, nikiupokea tu nakurushia hela yako." Muuzaji anajibu: "Tanguliza hela kaka, mzigo unapanda basi leo leo." Wote wawili wana sababu ya kuogopa. Anayetangulia ndiye anayebeba hatari yote. Akitangulia mnunuzi, muuzaji anaweza kuzima simu. Akitangulia muuzaji, mnunuzi anaweza kupokea kuku na kusema wamefika wamekufa.

Swali la nani aanze ndilo lililozaa mifumo yote ya kulinda malipo ya mtandaoni duniani. Kwa mfanyabiashara wa Singida jibu lake bado halijakaa sawa, ingawa nyenzo nyingi za kulipata tayari ziko nchini.

Simu inajua umetuma, haijui umenunua

Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na baadaye Tigo Pesa ambayo leo inaitwa Mixx by Yas, Airtel Money na Halopesa, kulipana kumekuwa kazi ya dakika moja. Mama wa Ikungi hahitaji tena kusubiri dereva wa lori amletee fedha taslimu kwenye bahasha. Lakini wepesi huo umekuja na jambo ambalo wengi hulitambua baada ya kuumia: ukimtumia mtu hela kwenye namba yake binafsi, mtandao unahesabu kwamba umemtumia mtu hela, basi. Haujui kama ulinunua kuku 40, kama kuku walitumwa, wala kama walifika.

Watu wengi hudhani kwa kuwa kampuni ya simu ni kubwa na inasimamiwa na Benki Kuu, basi muamala wao una bima fulani ndani yake. Ulinzi upo, ila ni wa jambo jingine. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake za fedha za kielektroniki zinaitaka kampuni iweke benki, kwenye akaunti maalumu ya udhamini, fedha zinazolingana na salio la wateja wake wote. Kwa maneno mengine, shilingi iliyo kwenye simu yako ina shilingi mwenzake benki, na kampuni haiwezi kuichukua ikalipia mishahara au minara. Utaratibu huo unakukinga kampuni ikiyumba. Haukukingi dhidi ya muuzaji aliyepiga picha kuku wa jirani.

Vivyo hivyo kwa kurudisha muamala. Ukikosea namba, unapiga 100, namba ya huduma kwa wateja ya mitandao yote, na kuomba hela izuiwe. Kama bado ipo kwa aliyepokea, kuna nafasi ya kuipata. Akiwa ameshaitoa kwa wakala, safari inakuwa ndefu. Na kama hukukosea namba bali umetapeliwa, kampuni peke yake haiwezi kukata shauri la nani mkweli na kumnyang'anya mmoja ampe mwingine.

Msimamo huo una mantiki. Kama kila aliyelipa angeweza kuvuta hela yake atakavyo, hakuna muuzaji wa vitunguu pale soko la Misuna, Singida, ambaye angelala usingizi baada ya kupakia gunia. Kinga ya mnunuzi ikizidi kipimo inakuwa silaha dhidi ya muuzaji, na kinyume chake ni kweli. Ndiyo maana mfumo mzuri haumkabidhi mmoja wao nguvu yote.

Wengine walivyolitatua

China ya mwaka 2003 haikuwa mbali na Tanzania ya leo katika jambo hili. Kadi za mkopo zilikuwa chache, na wanunuzi hawakuwaamini wauzaji wasiowajua wa mikoa ya mbali. Soko la mtandaoni la Taobao, lililoanzishwa mwaka huohuo, lilikuwa na watu wengi wa kutazama bidhaa kuliko wa kununua. Wenye soko wakaanzisha utaratibu uliokuja kuitwa Alipay: mnunuzi analipa, lakini hela haiendi kwa muuzaji. Inakaa kwa mtu wa kati, kwenye akaunti ya amana. Muuzaji anapewa taarifa kwamba hela ipo, anatuma mzigo. Mnunuzi anaupokea, anaukagua, anathibitisha. Hapo ndipo hela inapomfikia muuzaji. Mnunuzi akinyamaza, siku zilizopangwa zikipita bila malalamiko, hela inaachiwa yenyewe, ili muuzaji asizungushwe.

Kipengele hicho cha mwisho husahaulika mtu anaposimulia mfumo huu, lakini ndicho kinachowafanya wauzaji waukubali. Amana isiyo na siku ya mwisho ni kifungo cha hela ya watu.

PayPal ya Marekani ilichukua njia nyingine. Kwa kawaida hela inamfikia muuzaji, ila mnunuzi ana siku 180 za kufungua malalamiko kama bidhaa haikufika au imefika tofauti kabisa na ilivyotangazwa. Kampuni inakuwa mwamuzi. Muuzaji naye ana kinga yake: akionyesha ushahidi kwamba mzigo ulitumwa na kufika kwenye anwani iliyo kwenye muamala, anaweza kushinda dai la mtu anayesema hakupokea. Lakini PayPal ina sharti moja ambalo Mtanzania anapaswa kulisoma mara mbili. Ukituma hela kama ya ndugu au rafiki, kinga ya mnunuzi haipo. Wenye PayPal wanajua kwamba muuzaji anayekwambia "nitumie kama rafiki" mara nyingi anakimbia mwamuzi.

Kutuma hela kwenye namba binafsi ya simu hapa nchini kunafanana na huko kumtumia rafiki. Tofauti ni kwamba sisi tumefanya njia hiyo kuwa ya kawaida ya kununulia.

Kwa wanaolipa kwa kadi za Visa au Mastercard, iwe ya benki au ile ya kidijitali inayofunguliwa kupitia pochi ya simu, kuna kinga ya tatu. Unaweza kupeleka pingamizi kwa aliyekupa kadi, mara nyingi ndani ya siku 120, naye anadai hela kutoka benki ya muuzaji. Mkazi wa Kiomboi anayeagiza mashine ndogo ya kukamua alizeti kutoka nje ya nchi atakuwa salama zaidi kulipa kwa kadi ndani ya jukwaa lenyewe la mauzo kuliko kumtumia wakala asiyemjua hela kwa simu. Muuzaji wa jukwaani akikwambia mmalizane pembeni ili akupunguzie bei, punguzo hilo ndilo bei ya kinga yako.

Stakabadhi ghalani ni mfumo wa aina hiyohiyo

Anayedhani akaunti ya amana ni jambo la kigeni aende kwa wakulima wa ufuta, dengu na mbaazi. Chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, mazao hupelekwa kwenye ghala lenye leseni, yanapimwa uzito na ubora, na mwenye mali anapewa stakabadhi. Mnunuzi anashindana mnadani, siku hizi mara nyingi kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Akishinda analipa benki, na baada ya malipo kuonekana ndipo anapopewa kibali cha kutoa mzigo ghalani.

Tazama mpangilio wake. Mali iko kwa mtu wa tatu na hela inapita kwa mtu wa tatu, kwa hiyo hakuna anayetangulia gizani. Ubora umeshapimwa kabla ya ugomvi, na kuna karatasi. Mfumo huo una lawama zake, kubwa ikiwa kuchelewa kwa malipo ya mkulima katika baadhi ya misimu, na lawama hizo ni fundisho pia: mtu wa kati anayechelewesha hela huua imani haraka kama tapeli. Hata hivyo kanuni yake ndiyo ileile ya Alipay. Tofauti ni kwamba stakabadhi ghalani imejengwa kwa tani, na mama mwenye kuku 40 hana ghala la kumtunzia.

Kwa wadogo, jaribio lililojulikana sana lilikuwa lipa ukipokea. Duka la mtandaoni la Jumia liliutumia mtindo huo nchini hadi lilipofunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Mnunuzi aliupenda kwa sababu hela haikutoka mfukoni kabla hajauona mzigo. Lakini unamwelemea muuzaji. Mnunuzi akibadili mawazo, gharama ya safari ya kwenda na kurudi ni ya muuzaji. Kwa simu ya mkononi au kiatu, mzigo unaweza kurudi dukani. Kuku waliosafiri usiku kucha hawarudi Singida wakiwa na uzito uleule, na wengine hawarudi kabisa.

Majukwaa ya matangazo ya biashara, kama Kupatana na Jiji, yamesaidia watu kukutana, lakini malipo na makabidhiano wahusika humalizana wenyewe. Tangazo kuwepo kwenye jukwaa maarufu hakumaanishi kwamba jukwaa limemdhamini aliyelitangaza.

Muuzaji naye analizwa

Habari za utapeli wa mtandaoni huelezwa zaidi upande wa mnunuzi. Lakini anayeuza kutoka Singida ana maadui wake watatu.

Wa kwanza ni meseji ya kughushi. Mnunuzi anadai ameshalipa, na kweli kwenye simu ya muuzaji unaingia ujumbe wenye kiasi, jina na namba ya kumbukumbu. Haraka ya basi kuondoka inafanya kazi iliyobaki. Ujumbe si hela. Hela ni salio, na salio linaangaliwa kwenye menyu ya mtandao wako wenyewe.

Wa pili ni hadithi ya "nimekosea namba". Mtu anakutumia hela, kisha anakupigia akiomba umrudishie, tena kwenye namba nyingine. Ukirudisha kwa mkono wako kabla muamala wa kwanza haujachunguzwa, unaweza kujikuta umetoa hela mara mbili, au umekuwa daraja la kupitishia hela iliyoibwa kwa mtu mwingine. Mwambie apige 100, mtandao wake urudishe kwa utaratibu.

Wa tatu si tapeli wa kazi. Ni ugomvi wa kipimo. Gunia la vitunguu ni gunia la kilo ngapi? Sheria ya vipimo haitaki lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na Wakala wa Vipimo imehubiri hilo miaka mingi, lakini biashara bado inazungumza lugha ya gunia, tenga na dumu. Mnunuzi wa Dar anatarajia ujazo aliouzoea, muuzaji wa Mkalama amepakia aliouzoea yeye, na wote wanaona wamedhulumiwa bila mtu kudanganya. Mafuta ya alizeti nayo yana mzozo wake, kwa kuwa yanaweza kuchanganywa na mafuta ya bei ndogo. Hakuna mwamuzi wa mtandaoni anayeweza kukata kesi ya "gunia dogo" au "mafuta mepesi". Anaweza kukata kesi ya kilo 100 zilizoandikwa na kilo 82 zilizofika, au ya dumu lililoahidiwa kuwa na nembo ya Shirika la Viwango, TBS, likaja halina.

Sheria ipo, ushahidi ndio unaokosekana

Mtu akitapeliwa husikika akisema hakuna sheria. Si kweli. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria mbili zinazogusa jambo hili moja kwa moja. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe, aseme anapatikana wapi, aeleze bidhaa na bei yake kamili. Sheria hiyohiyo imezipa taarifa za kielektroniki nafasi ya kupokelewa kama ushahidi mahakamani, kwa hiyo mazungumzo yenu ya WhatsApp si porojo. Sheria ya Makosa ya Mtandao imeufanya udanganyifu wa kutumia kompyuta na simu kuwa jinai. Kabla ya hizo kulikuwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyoipa Tume ya Ushindani kazi ya kumlinda mlaji dhidi ya maelezo ya uongo. Mwaka 2019 zikaja kanuni za Benki Kuu za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, zinazozitaka benki na watoa huduma za fedha kupokea malalamiko na kuyajibu. Asiyeridhika anaweza kwenda Benki Kuu yenyewe.

Kinachokwamisha kesi nyingi ni ushahidi. Waliopatana walipigiana simu tu, picha zimefutwa ili kupata nafasi kwenye simu, risiti ya kifurushi haikuchukuliwa, na hela ilikwenda kwa jina ambalo si la muuzaji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mtandao haujaibatilisha kauli hiyo.

La kufanya kabla ya kubonyeza namba ya siri

Mpaka huduma rasmi ya amana ya malipo itakapoenea, mnunuzi na muuzaji wanaweza kujitengenezea kinga ya kienyeji, na inafanya kazi.

Kwanza, lipa kwenye Lipa Namba ya biashara, si namba ya mtu. Jina litakalotokea kabla hujaweka namba ya siri lilingane na la biashara uliyoambiwa. Likiwa tofauti, simama hapo. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" imewaliza wengi kwa sababu hawakusoma jina lililotokea.

Pili, gawaneni hatari. Tuseme kuku 40 ni shilingi 800,000. Mnunuzi atangulize kiasi kinachofidia usafiri na hasara ya kuku, muuzaji apakie, na kiasi kilichobaki kilipwe mzigo ukishafika ofisi ya vifurushi ya basi, kabla haujatolewa. Kwa biashara ya kwanza na mtu usiyemjua, anza na tenga moja.

Tatu, andikianeni kwa kilo, lita na idadi. Piga picha au video ya mzigo ukiwa kwenye mizani, siku ileile, pamoja na risiti ya kifurushi na namba ya usajili ya basi.

Nne, mwenye ndugu au rafiki mwaminifu Singida mjini amtume akague mzigo kabla ya hela kuondoka.

Tano, ukitapeliwa usipoteze muda kubishana na tapeli. Piga 100 mara moja ili hela izuiwe kama bado ipo, tuma namba ya tapeli kwenda 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kisha nenda polisi na ushahidi wako. Na kila baada ya muda piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tapeli hupenda kutumia laini yenye jina la mtu mwingine.

Kilichobaki ni cha wakubwa

Tahadhari za mtu mmojammoja zina kikomo. Kampuni za simu na benki tayari zina akaunti za udhamini. Mfumo wa TIPS wa Benki Kuu umeshaunganisha benki na mitandao ya simu, na Benki Kuu ina utaratibu wa kuruhusu ubunifu wa kifedha ujaribiwe chini ya uangalizi wake. Kinachohitajika ni menyu moja zaidi: lipa kwa masharti. Mnunuzi alipe, hela ishikiliwe, muuzaji aione kwamba ipo, na iachiwe mzigo ukithibitishwa.

Ila menyu hiyo isinakiliwe kutoka China ilivyo. Muda wa kuthibitisha mzigo wa kuku uwe wa saa, si wa siku. Ipatikane kwa kubonyeza nyota kwenye simu ndogo, kwa sababu si kila muuzaji wa Iramba ana simu janja. Ada yake isimle mtu wa shilingi 50,000. Na ofisi za vifurushi za mabasi ziingizwe kama mashahidi rasmi wa kupakia na kupokea, kwa kuwa ndizo zinazoshika mzigo kwa mkono. Bila shahidi wa mzigo, mshika amana atakuwa analinda hela huku akibahatisha ukweli.

Huduma kama hiyo ikianza, isizinduliwe kwenye hoteli za Dar es Salaam peke yake. Ipelekwe Misuna ikajaribiwe na wauza vitunguu, na Itigi kwa wauza asali. Mfumo utakaomridhisha muuza kuku wa Singida na mnunuzi wake wa Dar utamridhisha karibu kila mtu nchini.

Hadi siku hiyo ifike, msomaji, anayekataa kukutajia jina lake la biashara, kukupa risiti ya mzigo au kupokea malipo kwa awamu amekwishakuonyesha namna atakavyofanya biashara nawe. Hela yako bado iko mkononi mwako, usimtumie.